Vidoa Mahali Pengine

9 Februari

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwenye nyumba hii yenye kelele. Natumaini uko mzima, na kwamba huko unakopima hiyo barabara yenu wanakupa maji ya kuoga, maana barua yako ya mwisho ilifika na vumbi la kutosha kuotesha mboga.

Sisi wazima. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa. Anawika mchana, baada ya chakula, pale pale mtu anapojinyoosha. Nimemwambia jirani amrudishe alikomtoa, akanijibu kwamba jogoo bado mgeni, anazoea mazingira. Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, yule fundi cherehani, amepata mchumba. Mwanamume mwenyewe ni mpole mpaka unamtilia shaka.

Kubwa kuliko yote, Shangazi yako ameamua kujifunza kuendesha gari. Mimi mumewe nimefundisha nusu ya mji huu kushika usukani, nikajua sasa zamu yangu imefika. Wapi. Amejiandikisha pale pale shuleni kwetu, yadi ile ile, gari lile lile, lakini kwa mwalimu mwenzangu. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Siwezi kufundishwa breki na mtu ninayemsikia akikoroma." Wenzangu kazini bado wanacheka.

Jambo lingine, dogo. Nilikwenda kwenye vile vipimo vya kila mara, tangu waliponikata kipande cha utumbo mwaka jana kwa ajili ya ile saratani. Utumbo uko safi, wameusifia sana. Kuna vidoa wameviona mahali pengine. Nitakueleza wakati mwingine, karatasi imeisha.

Mjomba wako


24 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la maji, ikiwa imekaliwa na mtu mzito, lakini imesomeka. Mimi mzima. Tunaoga, tena kwa sabuni.

Kazi inakwenda, ila tuna adui. Ninapigilia vigingi vyangu asubuhi, navifunga tepe nyekundu ili watu wa greda wajue barabara inapita wapi. Jioni nikirudi, mbuzi wamekula tepe zote. Si majani, si maboksi, tepe. Juzi greda lilichonga moja kwa moja hadi karibu na choo cha mpishi, maana hapakuwa na alama ya kona. Mpishi ametugomea chai, na mimi ndiye ninayelaumiwa, si mbuzi.

Mpe Shangazi pongezi zangu. Mwambie asikubali mtu yeyote amfokee kwenye rivasi. Mimi ulinifokea mpaka leo nikirudi nyuma naomba msamaha peke yangu.

Sasa, Mjomba. Nimehesabu. Jogoo amepata mistari mingi kuliko wewe. Mahali pengine ni wapi? Mwili wa mtu si mkubwa kiasi hicho, mahali pengine si pengi. Ningepiga simu, lakini mtandao huku mpaka upande kilima, na nikiupata, wewe unapaza sauti "tuko salama", kisha unamkabidhi Shangazi simu. Niandikie. Karatasi nimeziweka ndani ya bahasha, usije ukasema zimeisha.

Ningekuja mwenyewe, ila lazima tukabidhi kipande hiki kabla ya mvua.

Mpwa wako


22 Machi

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu, najua. Kwanza dereva wa lori alipita nikiwa kazini. Kisha kalamu. Kisha nikawa sina sababu yoyote, nikakaa tu.

Nyumbani salama. Jogoo amezoea, sasa anawika alfajiri na mchana pia. Shangazi yako amefika gia ya tatu. Mwalimu wake anasema ana mkono mtulivu. Kwangu hajawahi kuwa na mkono mtulivu, tangu tuoane.

Ni ini. Umeridhika? Ile saratani ya utumbo, kabla hawajaikata, ilikuwa imeshatuma watoto. Wametulia kwenye ini, vivimbe vitatu, vyote upande wa kulia. Kimoja kimekaa karibu na mshipa mkubwa wa damu, hicho ndicho kinachowakunjisha uso. Nilidhani ikishafika kwenye ini watu wanakuambia nenda nyumbani ukaage. Kumbe siku hizi wanaweza kukata ule upande na kuutupa, na ini lililobaki linakua tena lenyewe. Nilimuuliza daktari mara mbili, kwa sababu mimi nimeishi na viungo hivi miaka yote na hakuna hata kimoja kilichowahi kunifanyia jambo la maana namna hiyo.

Kwa hiyo kuna upasuaji, na kuna mpasuaji. Hapo ndipo shida ilipo.

Unamkumbuka yule mwanafunzi wangu aliyekuwa akisomea udaktari, msichana mrefu mwenye miwani, aliyegonga geti la yadi? Si mara moja. Alikuwa akiweka rivasi anafumba macho. Tulimwita Daktari Geti hata kabla hajawa daktari. Alianguka mtihani wa leseni, akaanguka tena, mara ya mwisho akapita kwa sababu mtahini alitaka kwenda kula. Basi naingia kwenye chumba cha daktari bingwa wa ini, nimevaa shati la kanisani, nainua macho, ni yeye. Akasimama kabisa. "Shikamoo, Mwalimu."

Hospitali nzima, yeye peke yake ndiye anayekata maini. Wengine wanakata tumbo, wanakata goti, ini hawagusi.

Nimemwambia nitafikiria. Shangazi yako hasemi nami. Anatia chumvi chakula changu kwa hasira.

Mjomba


3 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na Shangazi naye shikamoo, mwambie niko upande wake kwa kila jambo.

Nilicheka hiyo habari ya Daktari Geti mpaka mpishi akatoka kuangalia. Nikamsomea. Yeye naye akacheka, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo anafanyiwa lini?" Nikatazama barua juu na chini. Tarehe haipo. Umeniandikia shati ulilovaa, hukuniandikia siku.

Mpishi ana kaka yake aliyewahi kukatwa ini, sijui kwa ugonjwa gani. Anasema sasa analima na anagombana na watu kama kawaida.

Mjomba, huyo mwanamke alikuwa na umri gani alipogonga geti? Wakati ule hata mimi nilikuwa nakata nywele zangu mwenyewe. Tangu hapo amesoma miaka mingapi, amekata watu wangapi? Hujamuuliza. Umemwangalia ukaona geti.

Niambie siku. Mimi niko tayari kuja, ila bosi wetu anaumwa, amelazwa kwenye kontena lake na homa, na bila yeye hakuna wa kunisainia likizo. Akipona tu.

Ninakuandikia haya nimekaa juu ya rundo la vigingi. Tumebadilisha tepe, sasa tunatumia rangi. Mbuzi wanalamba.

Mpwa wako anayesubiri tarehe


19 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Fundi cherehani ameshapanga siku ya harusi, hataki kuchangiwa ushauri. Shangazi yako ameanza kurudi kwenye maongezi ya kawaida, utaona kwa nini.

Nilipewa siku. Ndiyo. Niliitwa nikalazwe mwisho wa Machi, nikawaambia nina mafua. Nikapewa siku nyingine, nikawaambia wanafunzi wangu wana mtihani, siwezi kuwaacha barabarani kama mayatima. Sikukuandikia kwa sababu ungeniandikia barua kama ile uliyoniandikia.

Jumanne nilikuwa yadini nafuta vioo vya gari. Likaingia gari jeupe, taratibu, likajipanga kwa rivasi kati ya mapipa mawili ya mafuta bila kugusa kitu. Akashuka Daktari Geti.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua mgonjwa wangu," akasema.

"Hujatoa taarifa."

"Ningetoa taarifa ungekuwa na mafua."

Nikamkaribisha kwenye benchi letu la wanafunzi. Akakaa kama alivyokuwa akikaa zamani, miguu pamoja, mkoba mapajani. Nikaona nimwambie ukweli mapema. "Binti yangu, mimi nakujua. Nimeona mikono yako ikitetemeka mpaka funguo zikaanguka."

"Ilitetemeka kwa sababu yako," akasema. "Ulikuwa unapiga dashibodi kwa rula. Siku ya upasuaji utakuwa umelala. Hutapiga kitu."

Wenzangu walijifanya wanakagua tairi, tairi moja watu wanne.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu mwanzo, na wala si la geti. Nikamuuliza kama amewahi kumpoteza mtu mezani. Hakukimbia. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Akaongeza, "Nawakumbuka wote." Kisha akanieleza kwa utaratibu kwamba hivi vivimbe leo vinatoka. Kile cha karibu na mshipa kikiendelea kukua, kitaugusa, na siku hiyo yeye ndiye atakayeniambia hapana, hata nije nimepiga magoti. Akasema hawezi kuniahidi kupona. Anachoweza kuniahidi ni kwamba kwa sasa mlango uko wazi.

Nikamwambia, "Nina hofu." Mpwa wangu, neno hilo sijalisema hata kwa Shangazi yako. Limetoka pale kwenye benchi, mchana kweupe, watu wanakagua tairi.

Akasema, "Ungekuwa huna hofu ningekupeleka kwa daktari wa kichwa."

Nimekubali. Ni tarehe sita Mei. Shangazi yako amesikia, akaenda kuoga, akakaa bafuni muda mrefu.

Sasa zamu yako. Dereva wa lori la maji alipoleta barua yako nilimkaribisha chai. Nikampa pole ya bosi wenu. Akashangaa. Anasema bosi wenu ana afya kama ng'ombe dume, kila jioni wanacheza karata, na anaiba. Mara mvua, mara homa ya bosi. Barua ijayo lingekuwa daraja. Mimi nimekulea, najua unavyokaa mtu anapotaka kukuchoma sindano. Hunidanganyi, unajificha. Sote wawili tunajificha, mimi nyuma ya mafua, wewe nyuma ya mbuzi.

Mjomba wako


26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ni kweli lingekuwa daraja. Nilishaanza kuliandika.

Bosi alinipa ruhusa tangu mwezi wa tatu. Fomu ipo kwenye begi langu. Nilifika hadi kwenye lori, nikapanda, nikashuka, nikamwambia dereva nimesahau kofia.

Sijui nikuambie vipi. Tangu mama aniache kwako nikiwa na kimo cha kitasa cha mlango, wewe ni mtu wa kusimama. Unasimama ukila, unasimama ukisoma gazeti. Mwaka jana walipokukata utumbo nilikuwa chuoni nafanya mitihani, nilipokuja ulikuwa umeshavaa viatu. Sijawahi kukuona umelala kitandani na mirija. Nilikuwa nafikiri nisipokuona utakuwa hujalala. Nikiiandika naona ni upuuzi, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Wewe panda kile kitanda. Mimi napanda lori. Nikichelewa, mwambie Daktari Geti aanze tu.

Msalimie Shangazi. Namletea kofia, maana ninazo mbili.

Mpwa wako


17 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, mgonjwa uliyekataa kuitwa mgonjwa. Nimefika kambini salama. Mpishi amenisamehe habari ya choo, sasa kuna chai. Kipande chetu cha barabara kimepokelewa, wakaguzi wamepita na gari lao na hawakurushwa hata kidogo. Bosi alinikaribisha kwenye karata. Ni kweli anaiba.

Tulikaa sote nyumbani wiki nyingi na hatukuongea. Tuliongelea supu, mto wa mgongoni, jogoo, mpira wa redio. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo uso kwa uso yalinishinda.

Nilichelewa, kama unavyojua, lori lilipasua tairi. Nilipofika walikuwa wamekuingiza tayari. Shangazi alikuwa kwenye ukumbi wa kusubiria, na yule mwalimu wake wa udereva amekaa kando yake kama mtu aliyekosea msiba. Kumbe Shangazi ndiye aliyeendesha gari kutoka nyumbani, wewe umekaa nyuma umefumba macho. Hukuniambia hilo.

Walisema itachukua asubuhi. Mchana ukapita. Kila mlango ukifunguka Shangazi anasimama, anakaa. Akaanza kumfundisha mlinzi namna magari yanavyopaswa kupangwa pale nje, mlinzi akaitikia kila kitu. Mimi nilisoma bango la kunawa mikono mpaka nikalijua kwa moyo.

Daktari alipotoka, uso wake ulikuwa na alama za barakoa, kofia imelowa. Alisema vyote vitatu vimetoka. Kisha akasema kile cha karibu na mshipa kilikuwa kimeukaribia kuliko picha ilivyoonyesha. Mshipa ulichanika. Ulipoteza damu nyingi, Mjomba. Wakakuongezea, wakakuongezea tena. Akasema kulikuwa na muda ambao hakuwa na uhakika. Shangazi akamshika mikono yote miwili, akaitazama tu, mbele na nyuma. Daktari akaiacha pale. Tulisimama hivyo, sote watatu, watu wanatupita na vitanda.

Tulikubaliana tusikuambie mpaka upate nguvu. Sasa unagombana na jirani, kwa hiyo nguvu zipo.

Ukipigwa ile picha ya ini ya mwezi wa nane, usiniandikie "mahali pengine". Niandikie.

Mpwa wako


29 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu. Naanza na picha, nisije nikakukasirisha. Ini limekua. Daktari alinionyesha kwenye kompyuta, pale palipokatwa pamejaa, umbo limekuwa la ajabu kidogo, kama kiazi, lakini linafanya kazi yote. Hakuna kivimbe. Utumbo safi, mapafu safi. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nimepona?" Akasema, "Leo hakuna kitu, Mwalimu. Njoo baada ya miezi mitatu, nitakuambia ya siku hiyo." Nilitaka jibu kubwa zaidi. Halafu nikafikiri, kabla sijaumwa nani aliwahi kunipa miezi mitatu kwa uhakika? Hakuna. Nimeichukua.

Zile dawa za saratani za dripu, walizonianzishia baada ya upasuaji, bado naendelea nazo. Zinanifanya nisiweze kushika kitu cha baridi, vidole vinawaka kama nimeshika waya wa umeme. Nikitaka maji ya mtungi lazima nimwombe mtu, na Shangazi yako anataka nimwombe kwa adabu. Nimepungua, suruali zangu fundi cherehani amezikata zote, ile ndiyo zawadi yake ya harusi kwangu, badala ya mimi kumpa. Kazini nimerudi siku chache kwa wiki. Rula nimeiacha nyumbani. Wanafunzi wapya wananiona mpole, hawajui.

Kuhusu damu, nashukuru umeniambia. Nilimwuliza Daktari. Nilimwambia, "Nasikia ulinipa tabu." Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Nilitaka kulia, lakini mikono ilikuwa na kazi." Sikuweza kufanya mzaha hapo. Nilimpa mkono tu, akaupokea.

Na mimi nina moja ambalo hulijui.

Siku ya pili baada ya upasuaji, walipokuwa wameshanitoa kwenye ile mashine ya kupumulia, nilizinduka asubuhi. Sikujua niko wapi. Kulikuwa na dirisha, na mtu anaburuta ndoo koridoni. Koo limekauka, mrija huku, mrija kule, tumbo zito kama limewekewa jiwe. Nikasema moyoni, basi, ndiyo hivi. Nikageuza shingo kwa shida. Wewe ulikuwa kwenye kile kiti cha plastiki, umelala, kichwa kimeangukia ukutani, mdomo wazi, kiatu kimoja kimevuka mguuni. Mate yanakutoka. Mtoto niliyemlea, mpima barabara mzima.

Kengele ya kumwita nesi ilikuwa pale mkononi. Kiu ilikuwa kali, na maumivu yalikuwa yanaanza kuja. Nilijua nikiibonyeza utaamka, utaruka, utajipangusa uso, utaanza kuniuliza maswali. Sikuibonyeza. Nilikaa nakuangalia mpaka jua likafika kwenye goti lako. Ulikuja mpaka pale, ukaniona nimelala kwenye mirija, na ukapata usingizi.

Ulipoamka nilifumba macho, nikajifanya bado.

Mjomba wako